Mashine ya tatuu: kutoka kalamu ya Edison hadi redio ya susu

Leo tuweke kompyuta kando kidogo. Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani Kitui, na binamu yangu mdogo kutoka Wote, aliyekuja kumsalimu susu (nyanya yetu), akanivuta nyuma ya jikoni kunionyesha kitu. Mota ndogo ya kaseti, ganda la kalamu ya Bic, kipande cha waya wa gitaa kilichonolewa, betri nne na selotepu. Mashine ya kuchora tatuu! Marafiki watatu walikuwa wameshajiandikisha. Sindano ilikuwa moja.

Sikumgombeza hapo hapo. Kwanza nilishangaa, maana kijana alikuwa ameunda upya kitu cha mwaka 1876 bila kujua. Mwaka huo Thomas Edison alipata hataza ya kalamu ya umeme huko Marekani. Haikuwa ya ngozi bali ya ofisi. Mota iliyokaa juu ya kalamu ilisukuma sindano juu na chini, ukiandika inatoboa karatasi, kisha unapitisha wino kwenye matundu na kupata nakala nyingi. Biashara yenyewe haikudumu. Lakini tarehe 8 Desemba 1891 mchora tatuu wa New York, Samuel O'Reilly, akapata hataza ya mashine ya kuchora ngozi iliyojengwa juu ya wazo lile lile. Mwenzake wa mji huo huo, Charlie Wagner, akafuata na yake mwaka 1904.

Baadaye muundo uliotawala ni ule wa koili, na huu ndio unaonifurahisha mimi kama mtu wa programu. Umeme unaingia kwenye koili mbili za waya wa shaba, vyuma vya ndani vinakuwa sumaku na kuvuta kipande cha chuma chini. Sindano inashuka nacho. Lakini kikishuka, springi yake inaachana na skrubu inayopitisha umeme, kwa hiyo saketi inakatika! Sumaku inakufa, springi inakirudisha juu, inagusa skrubu tena, umeme unarudi... Mzunguko usio na mwisho, mara kama mia kwa sekunde, bila saa wala mstari mmoja wa programu. Kapasita iko pale kupunguza cheche. Kengele ya mlango ya zamani ilifanya kazi hivyo hivyo.

Sumaku ya namna hii ilipita kwetu mapema. Reli ya Uganda ilipotoka Tsavo mwaka 1898 na kufika Nairobi Mei 1899, ilikatiza Kibwezi na Makindu, leo Kaunti ya Makueni, ikiwa na nyaya za telegrafu kandokando. Ndani ya chombo cha telegrafu koili ilivuta chuma vile vile, tofauti ni kwamba saketi ilikatwa na mkono wa karani. Na waya haukuwa mgeni Ukambani. Mafundi wa Kikamba walikuwa wakivuta waya wa shaba na chuma na kusuka minyororo myembamba ambayo wageni waliisifu katika vitabu vyao.

Kuchora mwili nako hakukuja na umeme. Wakamba walichonga meno ya mbele yakawa na ncha. Susu mwenyewe ana chale mbili juu ya kila nyusi. Nilimuuliza zilichanjwa na nini. "Wembe na masizi," akasema. Na aliyezichanja? Jirani mmoja mwanamke, jina limemtoka. Kwa O'Reilly ninajua hadi tarehe ya hataza.

Basi turudi kwa binamu. Sindano ya tatuu haipigi wino kama bomba la hospitali. Inatoboa matundu ya milimita moja hadi mbili, wino unavutwa ndani kutoka katikati ya sindano. Ngozi ya juu hubanduka kila mara, ya chini inabaki, na hapo seli za ulinzi humeza wino na kukaa nao. Ndiyo maana mchoro haufutiki. Lakini damu nayo hupanda kwenye sindano na kuingia kwenye ganda. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili siku saba, na kufuta kwa kitambaa chenye spiriti hakukusafishi ganda la Bic kwa ndani. Wachoraji makini hutumia sindano mpya kwa kila mtu.

Nilimweleza haya yote. Alininunia mpaka jioni. Kilichomaliza mjadala si virusi, ni susu aliyetoka nje akiuliza ni nani aliyeifungua redio yake. Tukairudisha mota pamoja, usiku huo huo, kwa tochi ya simu. Kaseti zake zinaimba, ila polepole kidogo kuliko zamani.