Haluli: Kutoka Tumboni Hadi Kwatoni

Punda akianza kuchechemea huko Mbeere, Kaunti ya Embu nchini Kenya, nyumba nzima inachechemea naye. Maji yako mtoni, mitungi iko nyumbani, na katikati ni mlima. Ndiyo maana mwenye punda hangoji. Anainua mguu, anakwangua tope, anatafuta mwiba au msumari, kisha anapapasa ukwato kwa kiganja: ukiwa na joto kuliko zile nyingine, huenda ndani kuna jipu. Inaletwa ndoo ya maji ya vuguvugu, na humo inamiminwa chumvi nyeupe, chembe zake kama sukari.

Kamusi za Kiswahili zinaiita chumvi ya haluli, na haluli ni dawa ya kuharisha. Jina hilo lasema yote kuhusu kazi yake ya kwanza. Huko Epsom, Uingereza, husimuliwa kwamba mwaka 1618 mfugaji mmoja aliona ng'ombe wake wakikataa maji ya kidimbwi hata wakiwa na kiu. Yalikuwa machungu. Watu, tofauti na ng'ombe, waliyafuata kwa makundi ili wasafishe matumbo. Mwaka 1695 tabibu Nehemiah Grew aliandika kitabu kuhusu chumvi iliyomo, ambayo leo tunajua ni magnesiamu salfati. Baadaye farasi naye akanyweshwa, kila tumbo lilipofunga.

Tukija Kenya, Waingereza waliiteka Embu mwaka 1906. Meru ilifuata mwaka 1908, chini ya ofisa wao Edward Horne, aliyebandikwa jina Kangangi. Lakini nchi hizi hazikuwa rafiki wa farasi. Nyanda za chini zilikuwa na mbung'o, na visubi walieneza tauni ya farasi, ugonjwa ambao hakuna haluli inayoutibu. Farasi walibaki kwenye baridi ya juu, upande wa Timau. Na hata leo, katika hifadhi ya Lewa, ndani ya Kaunti ya Meru, watalii hupanda farasi kutazama pundamilia. Punda wa Afrika ndiye asiyetikiswa sana na tauni hiyo, basi mzigo ukamwangukia yeye, na chumvi ya farasi ikawa yake pia.

Punda mwenyewe naye akaanza kupungua. Kuanzia mwaka 2016 machinjio yaliyolenga soko la ngozi la Uchina yalifunguliwa nchini, na wezi wakaanza kuchinja punda vichakani. Sensa ya 2009 ilihesabu zaidi ya milioni 1.8, ya 2019 ilipata kama milioni 1.2. Februari 2020, Waziri wa Kilimo Peter Munya, gavana wa kwanza wa Meru, alipiga marufuku uchinjaji huo. Mwaka uliofuata mahakama ikaitengua amri yake.

Turudi kwenye ndoo. Dakika 15 hadi 20, mguu ukiwa ndani, ukwato unalainika na jipu linapata njia. Usaha mweusi wenye harufu unatoka, na punda anashusha pumzi. Kwa maoni yangu hapa ndipo haluli ilipopata heshima yake, si tumboni. Kumnywesha ni hatari: magnesiamu ikizidi hulegeza misuli hata moyo, na kipimo ni cha daktari wa mifugo. Msumari pia haung'olewi na chumvi. Na kama siku ya tatu bado hakanyagi sawasawa, mpigie daktari.