Swichi, telneti na neno la siri lililotembea uchi

Wadau, ukitaja swichi wengi hufikiria ile ya taa ukutani. Ninayoizungumzia leo ni ya mtandao: kile kisanduku chenye matundu mengi ya waya, kinachounganisha kompyuta za ofisi na kujua ujumbe upi uende kwa nani. Swichi ya kwanza ya Etheneti kuingia sokoni ilitoka kampuni ya Kalpana ya Marekani mwaka 1990, ikiwa na matundu 7. Mwaka 1994 Cisco wakainunua Kalpana.

Swichi ya ofisi lazima ipangwe: ipewe anwani, matundu yagawiwe idara, yasiyotumika yafungwe. Njia kongwe ni waya wa konsoli. Unachomeka kompyuta yako, unaandika amri. Usalama wake ni kwamba lazima uwe chumbani humo humo.

Lakini nani atapanda ghorofa ya nane kila siku? Ndiyo maana mafundi wakaipenda telneti, njia ya kuingia kwenye mashine ukiwa mbali, iliyobuniwa mwaka 1969. Ubaya wake, telneti hutuma kila kitu wazi, neno la siri likiwemo. Anayevizia njiani hulisoma kama postikadi.

Na walivizia kweli. Mwaka 1995 mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Ufini, ulitegewa programu ya kunasa maneno ya siri. Mtafiti wa chuo hicho, Tatu Ylönen (ndiyo, Tatu, ila huyu ni mwanamume), akaandika SSH, inayoyageuza mazungumzo yote kuwa fumbo. Akaitoa bure Julai mwaka huo huo.

Hadithi ingeishia hapo, lakini mazoea yana taabu. Machi 2017 WikiLeaks ilipoanika nyaraka za CIA, Cisco wakachunguza na kukuta kasoro katika aina zaidi ya 300 za vifaa vyao, nyingi zikiwa swichi. Mvamizi aliweza kuitawala swichi bila neno la siri, akipitia telneti. Ushauri wa Cisco: zimeni telneti, tumieni SSH. Miaka 22 baada ya dawa kupatikana!

Basi fundi akija ofisini kwenu, muulize huwa anaingiaje kwenye swichi. Akijibu "kwa telneti", mpe kiti, mpe chai, kisha msimulie habari za Tatu.