Kiti cha Enzi na Jina la Fundi

Katika karne ya 19, mgeni mheshimiwa aliyeingia nyumba ya kiungwana ya Lamu au Siyu alikalishwa kwenye kiti cha enzi: kiti cha mpingo chenye mgongo mrefu, kilichotiwa njumu za pembe au mfupa na kusukwa kwa uzi.

Wataalamu wamelinasibisha umbo lake na Misri, India na Ureno. Kwa maoni yangu, mjadala huo unamsahau fundi. Yeye hakuiga, alichagua, akachanganya, akakifanya kiti kuwa cha pwani. Basi vijana wabunifu wanaopunguza nakshi na kubakiza msuko hawavunji mila. Wanaiendeleza.

Hatari iko kwingine. Ujuzi huu hurithiwa kwa uanagenzi. Mzee akifariki bila mwanagenzi, huzikwa nao. Mtumishi wa umma anayeidhinisha ununuzi wa samani za ofisi kutoka ng'ambo anaamua pia riziki ya mwanagenzi huyo.

Na mbunifu akijulikana huku msukaji akisahauliwa, tutakuwa tumerudia yale yale ya makumbusho: kiti kimehifadhiwa, jina la fundi halimo.