Mazoezi ya kuruka kwa wachezaji wa soka

Mazoezi ya kuruka kwa wachezaji wa soka (kitaalamu: pliometriki) ni mazoezi ya mwili ambayo ndani yake mchezaji huruka, hutua na kuruka tena kwa haraka ili misuli ya miguu izoee kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi. Hutumiwa kuongeza kimo cha kuruka, kasi ya hatua za kwanza na uwezo wa kugeuka ghafla. Pia humzoesha mchezaji kutua bila kuumiza goti.

Mazoezi haya hayahitaji vifaa vya bei kubwa. Kwa hiyo yanaweza kufanyika katika viwanja vya udongo vya miji midogo na vijiji, kwa mfano Mikumi na sehemu nyingine za wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro, Tanzania. Hata hivyo, faida yake hutegemea mambo matatu: namna ya kutua, idadi ya miruko na muda wa kupumzika. Yakipuuzwa, mazoezi yaleyale huweza kumjeruhi mchezaji.

Jina na historia

Neno pliometriki limeundwa kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "zaidi" na "kipimo". Lilianza kutumiwa mwaka 1975 na Fred Wilt, kocha wa riadha wa Marekani aliyewahi kukimbia katika Olimpiki za 1948 na 1952. Wilt alikuwa ameona wanariadha wa Umoja wa Kisovyeti wakirukaruka wakati wa kupasha misuli, jambo ambalo wenzao wa Magharibi hawakulifanya.

Msingi wa kitaalamu ulikuwa umewekwa na Mrusi Yuri Verkhoshansky (1928–2010), kocha wa miruko ya riadha. Katika miaka ya 1960 alieleza zoezi la kushuka kutoka juu ya sanduku na kuruka juu mara tu miguu inapogusa ardhi. Baadaye mbinu hiyo ilienea katika mpira wa wavu, mpira wa kikapu na soka.

Jinsi yanavyofanya kazi

Kila mruko wa namna hii una hatua tatu. Kwanza, mchezaji anapotua, misuli ya paja na ya shavu la mguu hunyooshwa ikiwa inazuia uzito wa mwili. Pili, kuna muda mfupi wa mpito ambao mwili haushuki wala haupandi. Tatu, misuli hujikaza na kufupika, na mwili hurushwa juu.

Wakati wa hatua ya kwanza, kano ya kisigino hujivuta kama mpira wa manati na kuhifadhi nishati. Neva nazo huiamuru misuli iliyonyooshwa ghafla ijikaze. Hatua ya pili ikichukua muda mrefu, nishati hiyo hupotea kama joto. Ndiyo sababu makocha husisitiza mguu ukae ardhini kwa muda mfupi kadiri inavyowezekana. Katika miruko ya haraka, muda huo huwa chini ya robo ya sekunde.

Umuhimu katika soka

Mchezaji wa soka hukimbia kilomita nyingi katika dakika 90, lakini matukio yanayoamua mechi mara nyingi huchukua sekunde chache: kumwahi mpinzani kwenye mpira, kugeuka, kupiga shuti au kuruka kupiga kichwa. Mtanzania Mbwana Samatta, akiichezea Aston Villa ya Uingereza, alifunga kwa kichwa katika mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu dhidi ya Bournemouth tarehe 1 Februari 2020. Mwezi mmoja baadaye alifunga tena kwa kichwa katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Mabao ya aina hiyo hutegemea kufika mahali kwa wakati sawa na yanavyotegemea nguvu za miguu. Kwa hiyo mazoezi ya kuruka hayachukui nafasi ya mazoezi ya mpira wenyewe.

Miruko katika mazingira ya Kilosa

Wilaya ya Kilosa ina wakulima, wakiwemo Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, pamoja na wafugaji Wamaasai na Waparakuyo. Katika ngoma ya adumu ya Kimaasai, vijana huingia katikati ya duara na kuruka wima mara nyingi mfululizo. Mwili hunyooka, nao hujaribu kutogusisha visigino ardhini. Mruko huo unafanana na zoezi la pliometriki la kudunda kwa vifundo vya miguu, ingawa lengo lake ni la kijamii.

Kuruka kamba, mchezo wa watoto unaojulikana kote nchini, ni zoezi jingine jepesi la aina hii. Kuruka kichura nako hufanana na pliometriki kwa umbo tu. Shuleni mara nyingi hutolewa kama adhabu, na mtu huruka akiwa amechuchumaa hadi achoke. Mruko wa kuchoka huwa wa polepole, na magoti hubeba mzigo mkubwa yakiwa yamekunjwa sana. Kwa hiyo hauongezi kasi.

Aina za miruko

* Kudunda papo hapo kwa miguu miwili, magoti yakikunjwa kidogo tu.
* Kuruka wima kutoka hali ya kuchuchumaa nusu, kisha kutua na kutulia.
* Kuruka pembeni juu ya mstari, kulia na kushoto.
* Kuruka mbele kwa mguu mmoja, au kwa hatua ndefu za kupokezana miguu.
* Kuruka viunzi vifupi mfululizo.
* Kushuka kutoka juu ya sanduku na kuruka papo hapo. Hili ni zoezi zito, la wachezaji waliokomaa tu.

Badala ya viunzi vya dukani, mstari uliochorwa ardhini, kamba au tairi la gari lililolazwa chini vinatosha. Matofali yaliyopangwa hayafai kupandwa kwa sababu huweza kuteleza.

Utaratibu

Kwa kawaida mazoezi hufanyika mara mbili kwa wiki, kukiwa na saa 48 hadi 72 kati ya siku moja na nyingine, kwa wiki sita hadi nane. Huwekwa mwanzoni baada ya kupasha misuli, wakati miguu haijachoka. Ukubwa wa kazi hupimwa kwa kuhesabu mara za kutua. Anayeanza hutosheka na mara 80 hadi 100 kwa siku ya mazoezi, na watoto huanza na pungufu ya hapo. Mapumziko huwa mara tano hadi kumi ya muda wa kuruka: aliyeruka kwa sekunde 5 hupumzika angalau sekunde 25. Mchezaji anapoanza kutua kwa kishindo au kimo chake kinapopungua, zoezi husitishwa.

Majeraha na tahadhari

Jeraha linaloogopwa zaidi ni kukatika kwa ligamenti ya msalaba ya mbele, yaani kamba ngumu iliyo ndani ya goti inayouzuia mfupa wa muundi usisogee mbele. Mara nyingi hukatika bila kuguswa na mpinzani, mchezaji anapotua au kugeuka huku goti likiingia ndani. Wanawake hulipata kwa kiwango kikubwa kuliko wanaume. Aliyeumia huweza kukaa nje kwa miezi mingi, na upasuaji wake hufanyika katika hospitali kubwa tu. Kwa kijana wa wilayani, huenda huo ukawa mwisho wa kucheza.

Kutua vizuri hufundishwa kabla ya kuruka juu: miguu iachane kwa upana wa mabega, magoti yakunjwe na yaelekee kwenye vidole, kiwiliwili kiiname kidogo, na kishindo kisisikike.

Miruko ni sehemu ya programu ya FIFA 11+ ya kupasha misuli, iliyoandaliwa mwaka 2006 na kuchukua dakika 20 hivi. Utafiti uliofanywa mjini Lagos, Nigeria, na kuchapishwa mwaka 2014 ulihusisha vijana wa kiume 416 katika timu 20. Timu zilizotumia programu hiyo zilipata majeraha pungufu kwa asilimia 41.

Uwanja wa udongo hukauka na kuwa mgumu wakati wa kiangazi, na huteleza wakati wa masika. Inafaa kuchagua sehemu yenye nyasi au mchanga kidogo, kuondoa mawe na kufukia mashimo kabla ya kuanza. Mtoto anayekua haraka na kusikia maumivu chini ya goti apumzishwe miruko hadi maumivu yaishe.