Hela ya Tarehe Tano

Ndugu zangu wa Kasulu, Kigoma mjini, Dar na popote mlipo! Najua nimekuwa kimya. Maboksi yamekuwa mengi na siku zimekuwa fupi. Leo nimepata wasaa, nikaona niandike juu ya jambo ambalo mnaniuliza kwenye simu, wengine kwa utani na wengine kwa kinyongo: huyu jamaa yuko Marekani miaka yote hii, mbona kwa mama yake anatuma dola mia tu kwa mwezi? Mbona hatumi za maana mara moja tukaona nyumba imesimama?

Jibu langu ni refu kidogo na linaanza zamani. Vuteni kigoda.

Mtaa ninaoishi unaitwa Sharpstown, kusini-magharibi mwa jiji la Houston. Ulijengwa kuanzia katikati ya miaka ya 1950 na tajiri mmoja, Frank Sharp, kwa ajili ya Wazungu wa kipato cha kati. Mwaka 1961 likafunguliwa hapa jengo la maduka lenye kiyoyozi, watu wakaja kutoka mbali kushangaa. Mtaa ulikuwa pia na benki yake, Sharpstown State Bank. Mwaka 1971 mambo yakafumuka: ilionekana kwamba wakubwa wa jimbo la Texas walikuwa wakikopeshwa na benki ile fedha za kununulia hisa za kampuni ya bima, wanaziuza kwa faida nono, huku miswada aliyoitaka Sharp ikipita bungeni. Benki ikafa mwaka huohuo, na mwaka 1972 spika wa bunge la jimbo akatiwa hatiani. Mpaka leo ukimtajia Mteksasi mzee jina la Sharpstown, anakumbuka kashfa hiyo.

Miaka ya 1980 bei ya mafuta ikaanguka. Wafanyakazi wa kampuni za mafuta wakahama, fleti zikabaki tupu, wenye nyumba wakashusha kodi, na wageni tukaanza kuingia: Wamexico, Wasalvador, Wavietnam, Wanigeria, baadaye Wakongo na sisi wachache wa Bongo. Jengo lile la maduka tangu 2009 linaitwa PlazAmericas, na ukiingia utasikia Kihispania kuliko Kiingereza. Pita Bellaire Boulevard Ijumaa jioni, watu wakishalipwa, uone foleni kwenye madirisha ya kutumia hela. Huyu anatuma Guatemala, yule Lagos, mwingine Bukavu. Mtaa uliopata jina baya kwa hela kubwa za mkupuo, leo unatoa hela ndogo ndogo zinazolisha vijiji vya nusu ya dunia.

Sasa turudi nyumbani. Sisi watu wa Buha kutuma hela hatukuanzia Marekani. Wajerumani walipoleta kodi ya nyumba mwaka 1898, kisha Waingereza wakaendeleza kodi zao, mtu aliyelima mihogo na maharage tu alizitoa wapi pesa taslimu? Mkonge ulikuwa Tanga na Morogoro. Reli ya Kati ilikuwa imeshafika Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wakaanzisha ofisi yao ya kusaka vibarua, iliyojulikana kama SILABU, na mikoa yetu ya magharibi ikawa mojawapo ya sehemu ilikochota watu. Wakaitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa.

Babu yetu alikuwa mmoja wao. Wazee wenzangu mnakumbuka hadithi zake: treni hadi Morogoro, kisha lori mpaka pande za Korogwe. Aliporudi baada ya mkataba alikuja na sanduku la bati, mablanketi mawili, na shilingi zilizoshonewa ndani ya koti. Kijiji kizima kikaja kumpokea. Kodi ya nyuma ikalipwa, deni likalipwa, mahari ya mdogo wake ikatolewa, pombe ikanywewa. Msimu uliofuata alikuwa kama alivyoondoka, akasaini tena. Bibi alikuwa akisema, "Babu yenu alikuwa kama mvua ya mawe. Ikinyesha inanyesha kweli, lakini haioteshi kitu." Nilikuwa mdogo, nikadhani anamtania.

Nilipofika Houston mwaka 2006 nikawa babu yangu mtupu. Nilituma nilipobanwa au niliposikia aibu. Mwezi huu dola mia tatu, halafu miezi minne kimya. Na wakati ule hela ikifika, mama alipaswa kupanda gari mpaka mjini, apange foleni, na pengine aambiwe mtandao haupo, aje kesho. Nauli nayo ilikuwa ndani ya hela hiyohiyo.

Mwaka 2009 ndipo nilipozinduka. Kaka akanipigia kwamba mdogo wetu wa kike amerudishwa nyumbani kutoka shule ya kata kwa sababu ya ada na michango (mtakumbuka ada ya sekondari za serikali ilikuja kufutwa Januari 2016), na kwamba mama ameshauza maharage yakiwa bado shambani. Wenzetu wa Kagera biashara hiyo kwenye kahawa wanaiita butura: mlanguzi anakulipa leo wakati una shida, anavuna kesho wakati bei imepanda. Nikapandwa na hasira. Si nimetuma dola mia tatu miezi miwili tu iliyopita? Zimekwenda wapi?

Nikaanza kumhoji mama kama polisi. Akanijibu taratibu. Msiba wa shangazi. Deni la dukani. Bati tatu za jiko. Mgeni aliyesikia kuna hela za Marekani akaja na shida yake, na huwezi kumfukuza. Halafu akasema maneno ambayo sijayasahau: "Mwanangu, usinitumie nyingi. Nitumie ninayoijua."

Tangu mwezi ule natuma dola mia, tarehe tano. Hazipungui, na mara chache sana zinazidi.

Nawaambia ukweli, sikutegemea tofauti. Lakini mwenye duka alipojua mama ana tarehe yake, akaanza kumkopesha unga na sabuni bila kumwongezea bei. Mavuno yaliyofuata mama hakuuza shambani. Alihifadhi magunia ndani mpaka bei ikapanda. Wageni wa shida wakapungua, maana hela ya kawaida haina tangazo. Akajiunga na kikundi cha kinamama cha kuweka hisa na kukopa, cha aina ileile ambayo shirika la CARE liliianzisha Niger mwaka 1991 na baadaye ikaenea kwetu. Kutoka kikundini akanunua mbuzi wawili. Mdogo wetu akarudi shule, na leo ni mwalimu, mwenyewe anasoma hapa na kucheka.

Baadaye nikagundua kwamba mama hakuwa peke yake katika hekima hii. Mexico, nchi ya majirani zangu wengi hapa, ilianza mwaka 1997 mpango ulioitwa Progresa, wa kuwapa kinamama maskini wa vijijini fedha kila baada ya miezi miwili mradi watoto waende shule na kliniki. Kwetu TASAF, iliyoanzishwa mwaka 2000, ilijaribu jambo la namna hiyo mwaka 2010 katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, kisha kuanzia 2012 ukaja Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao miaka michache baadaye ulizifikia kaya zaidi ya milioni moja.

Wapo mliobeza: "Watanywea hiyo hela." Watafiti waliofuatilia majaribio yale ya wilaya tatu walikuta nini? Kaya zilizopata ruzuku zilinunua kuku na mbuzi, zilikata kadi za bima ya afya ya jamii, na watoto walivaa viatu. Viatu! Nani hapa hakwenda shule peku?

Huko Rarieda, magharibi mwa Kenya, kati ya 2011 na 2013 shirika la GiveDirectly liligawa fedha kwa kaya maskini: nyingine zilipata kwa mkupuo, nyingine kwa mwezi. Waliopata kwa mwezi walikula vizuri zaidi. Waliopata kwa mkupuo walinunua zaidi vitu vya kudumu. Na matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka.

Sasa msije mkasema naficha upande wa pili. Utafiti mkubwa zaidi wa Siaya na Bomet, katika vijiji 295, ulitoa majibu mwaka 2023, na majibu hayo yanawapa nguvu nyie mnaodai mkupuo. Kundi moja liliahidiwa takriban dola 22 na nusu kwa mwezi kwa miaka miwili. La pili kiasi hichohicho kila mwezi kwa miaka 12. La tatu likapewa fedha zake za miaka miwili zote kwa pamoja. Kwenye kuanzisha biashara, wa mkupuo waliwapita wa miaka miwili. Nilipofika hapo nikakuna kichwa. Lakini wale wa miaka 12 nao walifanya vizuri, na mbinu yao mnaijua: waliingia kwenye upatu! Kwa kuwa kila mmoja alijua hela ya mwezi ujao ipo, na ya mwaka ujao ipo, waliweza kupeana zamu na kujitengenezea mkupuo wao wenyewe. Mama na mbuzi wake wawili walikuwa wamefika huko kitambo. Kumbe siri iko kwenye uhakika, kwamba utaendelea kuipata kwa muda mrefu. Haba na haba hujaza kibaba, lakini haba yenyewe lazima ujue itakuja lini.

Nyumba ya chini yangu anaishi mama mmoja Mkongo aliyekaa miaka mingi kambi ya Nyarugusu, palepale kwetu Kasulu. Dunia hii ndogo jamani! Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1996. Ananisimulia jinsi walivyopewa unga, maharage na mafuta, na jinsi mtu aliyehitaji daftari au nguo alivyouza sehemu ya chakula chake kwa hasara. Desemba 2016 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwapa watu wapatao 10,000 fedha badala ya chakula, yeye akiwemo. Anasema kwa mara ya kwanza tangu avuke ziwa alikwenda sokoni kuchagua. Serikali yetu ikausimamisha mpango ule mwaka 2017. Nikamuuliza kilichomuuma zaidi ni nini. Akasema: kutoambiwa mapema, maana alishakopa akitegemea mwezi unaofuata.

Jibu hilo lilinigusa kwa sababu mwaka huohuo, mwishoni mwa Agosti 2017, kimbunga Harvey kiliilaza Houston ndani ya maji. Ghala nililokuwa nikifanya kazi likafungwa. Tarehe tano Septemba ikapita. Tarehe tano Oktoba ikapita. Nikaona aibu hata kupiga simu, mpaka mama mwenyewe akanitafuta. Hakuuliza hela. Aliuliza kama nimekula. Akaniambia ameuza mbuzi mmoja, amekopa kidogo kikundini, na maharage hajayagusa. Nilikaa chini jikoni nikalia, sioni haya kusema. Babu alipokosa mkataba, nyumba yote ilikosa chakula. Mimi nilipokosa kazi, nyumba ilisimama.

Simu nayo tusiisahau. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kuingia kwetu 2008. Watafiti Tavneet Suri na William Jack walikuta kwamba kaya za Kenya zisizotumia M-Pesa zikipatwa na balaa, matumizi yao yalishuka kwa asilimia 7, wakati ya watumiaji hayakushuka, kwa sababu ndugu waliweza kuwatumia haraka na kwa gharama ndogo. Ndiyo maana tozo za miamala za Julai 2021 ziliwauma sana wanyonge hadi serikali ikazipunguza. Na huku kuna mpya: tangu 1 Januari 2026 Marekani inatoza asilimia 1 kwa anayetuma nje kwa pesa taslimu. Anayetuma kutoka akaunti ya benki au kwa kadi ya benki ya hapa haimhusu. Kwa hiyo vijana mlio huku, fungueni akaunti.

Sisemi dola mia inamaliza umaskini. Haijengi barabara ya kijijini wala haileti dawa zahanati. Jirani ya mama ambaye hana mtoto ughaibuni wala jina kwenye orodha ya TASAF bado anauza mazao shambani, na mama anaona haya kupika nyama siku ya tarehe tano. Hilo sina jibu lake.

Nyumba itajengwa, panapo majaaliwa. Kaka, mama ameniambia fungu lake kikundini linagawanywa mwishoni mwa mwaka na amepanga kuanza msingi. Tofali atanunua yeye, kwa hesabu yake. Nyie mnaotaka kumwambia anunue lini na kwa fundi gani, naomba mumwache.

Wasalimieni wote. Alamsiki.