Chombo Kilichozaliwa Mpakani: Historia ya Boda Boda na Programu za Vituo vya Kuchaji

Utangulizi

Insha hii inahusu programu za kompyuta zinazoendesha vituo vya kuchaji pikipiki na magari ya umeme. Msomaji anaweza kuuliza mada hii inaingiaje katika historia, kwani inafanana zaidi na somo la uhandisi. Jibu ni kwamba programu hizo zinafanya kazi ya zamani sana: kuweka hesabu ya nani amechukua nini, kwa bei gani, na nani aruhusiwe kuchukua tena. Huku kwetu, kati ya Nagongera, Tororo, Malaba na Busia, hesabu za namna hiyo tunazijua vizuri, kwa sababu tunaishi karibu na mpaka. Hoja yangu ni kwamba boda boda ilistawi kwa kuwa mwendeshaji hakufungwa na muuzaji mmoja wa nishati. Programu za sasa zinaweza kuuondoa uhuru huo au kuulinda, kutegemea nani anashika daftari na nani anaruhusiwa kulisoma.

Boda boda na nishati yake

Jina la boda boda linatokana na mpaka wenyewe. Katika miaka ya 1960 na 1970, vijana wa Busia wenye baiskeli walibeba abiria na mizigo katika eneo lililo kati ya kituo cha forodha cha Kenya na kile cha Uganda. Magari ya abiria yalikomea upande mmoja, na msafiri mwenye furushi alilazimika kutembea hadi upande wa pili. Vijana wakamwita: boda, boda! Wakati wa utawala wa Idi Amin bidhaa zilipoadimika na magendo yakapanuka, kazi ya baiskeli iliongezeka. Kahawa ilivushwa kwenda Kenya, na bidhaa za dukani zikaja Uganda.

Nishati ya baiskeli ilikuwa miguu ya mwendeshaji. Pikipiki zilipoenea kuanzia miaka ya 1990, nishati ikawa petroli, lakini uhuru ulibaki. Mwendeshaji alinunua petroli katika kituo chochote, au katika chupa iliyopangwa mezani kando ya barabara. Bei ikipanda upande mmoja wa mpaka, alijaza tangi upande wa pili. Hakuna muuzaji aliyemuuliza jina lake wala pikipiki yake ilitoka kampuni gani.

Umeme ulivuka mpaka kabla ya boda boda

Umeme nao una historia yake hapa. Kituo cha Owen Falls huko Jinja kilifunguliwa na Malkia Elizabeth II mwezi Aprili 1954. Mwaka 1958 umeme wake ulianza kuuzwa Kenya kupitia njia ya kilovolti 132 iliyopita Tororo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, lakini nchi hizi mbili ziliendelea kuuziana umeme. Biashara hiyo ilihitaji mambo mawili tu: nyaya zinazounganishwa na mita ambayo pande zote mbili zinaiamini.

Kwa mwananchi wa kawaida mita ilifanya kazi hiyo hiyo. Msoma mita alikuja nyumbani akaandika namba kitabuni, na mwenye nyumba aliweza kuisoma namba ile ile na kubishana naye akitaka. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2011 kampuni ya Umeme ilipoleta mita za kulipia kabla, zinazoitwa Yaka. Sasa mteja hulipa kwanza, mara nyingi kwa simu, kisha hupokea tarakimu za kuingiza katika mita. Daftari lilihama kutoka mkononi mwa msoma mita likaingia katika kompyuta. Hata hivyo, mteja bado anaona yuniti zake zikipungua kwenye kioo cha mita ukutani.

Programu ya kituo inafanya nini?

Pikipiki za umeme zimeingia katika historia hii karibuni. Kampuni ya Zembo ilianza Kampala mwaka 2018, na Ampersand ikaanza Kigali mwaka 2019. Njia iliyopendwa ni kubadilisha betri: mwendeshaji hufika kituoni, huacha betri iliyoisha na kuchukua iliyojaa, kwa sababu hawezi kusubiri saa nyingi huku abiria wakiondoka na wengine.

Programu ya kituo ina kazi kadhaa. Kwanza, humtambua mteja kwa kadi au kwa simu. Pili, hupima umeme uliotumika, na katika mifumo mingine hulinganisha chaji iliyobaki katika betri inayorudi na ile ya betri inayotoka. Tatu, hupokea malipo. Nne, hugawa mzigo: transfoma ikiwa ndogo, kama zilivyo nyingi vijijini, programu hupunguza kasi ya kuchaji baadhi ya betri ili umeme usikatike kwa majirani wote. Tano, hufuatilia afya ya kila betri na mahali ilipo, na hugundua hitilafu kabla fundi hajaitwa.

Kazi ya nne inahusiana pia na bei. Mwaka 2023 mamlaka ya nishati ya Kenya, EPRA, iliweka bei maalumu ya kuchaji vyombo vya umeme: shilingi 16 za Kenya kwa yuniti, na shilingi 8 katika saa ambazo matumizi ya nchi ni madogo. Bila programu inayojua saa, kituo hakiwezi kufaidika na bei hiyo ya chini.

Ipo pia kazi ya sita, ambayo ni nyeti zaidi. Programu inaweza kuizima betri kutoka mbali. Kampuni ina sababu ya msingi, kwa kuwa betri ni ghali na huibwa. Lakini uwezo huo huo unaweza kumsimamisha mwendeshaji barabarani kwa sababu ya deni, au kwa sababu ya kosa la hesabu ambalo yeye hana njia ya kulikagua.

Lugha moja ya vituo

Tatizo la kufungwa na kampuni moja halikuanzia Afrika. Mwaka 2009 makampuni ya kusambaza umeme nchini Uholanzi yaliunda taasisi inayojulikana leo kama ElaadNL ili kujenga vituo vya umma. Mashine zilitoka kwa watengenezaji tofauti, na kila mmoja alikuwa na lugha yake ya mawasiliano. Ndipo ikatungwa itifaki iitwayo OCPP, ambayo ni lugha ya pamoja kati ya mashine ya kuchajia na mfumo mkuu. Toleo la 1.6 lilitoka mwaka 2015. Toleo la 2.0.1 la mwaka 2020 liliimarisha usalama na kurahisisha kumwonyesha mteja bei na gharama zake.

Itifaki hiyo haimalizi tatizo letu. Inahusu mashine na mfumo wake, wala hailazimishi betri ya kampuni moja iingie katika kabati ya kampuni nyingine. Kwa kawaida haiingii. Hivyo mwendeshaji wa Tororo anayekodi betri kwa kampuni isiyo na kituo ng'ambo atavuka hadi chaji itakapomruhusu, kisha arudi. Chombo kilichopewa jina la mpaka kitakuwa kimewekewa mpaka mpya, na safari hii hakuna afisa wa kuzungumza naye.

Jambo hili linawezekana kurekebishwa. Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kilizinduliwa Februari 2018, na msafiri sasa hukaguliwa na nchi zote mbili mahali pamoja. Mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda tayari hufuatilia malori ya mizigo kwa mfumo mmoja wa kielektroniki. Kama programu inaweza kumfuata mwenye lori kutoka Mombasa hadi Kigali, inaweza pia kumhudumia mwenye pikipiki anayetoka Tororo kwenda Busia ya Kenya.

Hitimisho

Historia ya eneo letu inaonyesha kwamba baiskeli, petroli na umeme wa Jinja vyote vilivuka mpaka kwa kuwa wahusika waliweza kuchagua muuzaji au kusoma mita moja. Kabla vituo vingi havijajengwa, serikali zetu zidai mambo matatu: vituo vitumie lugha ya pamoja, vipimo vya betri vikubaliane ili kampuni zihudumiane, na mwendeshaji aoneshwe hesabu ile ile ambayo kampuni inaiona. Mashine zikishafungwa na mikopo ikishachukuliwa, kubadilisha itakuwa gharama, na historia inatuonyesha kwamba gharama hiyo mara nyingi humwangukia mwenye pikipiki.