Thy Womb: Mkunga amtafutia mumewe mke wa pili

Thy Womb ni filamu ya mwaka 2012 iliyoongozwa na Brillante Mendoza wa Ufilipino. Inasimulia ndoa isiyojaaliwa mtoto miongoni mwa wavuvi wa Kibajau katika jimbo la visiwa la Tawi-Tawi, kusini kabisa mwa nchi hiyo.

Wabajau, ambao wengi wao ni Waislamu, wameishi kwa kutegemea bahari kwa vizazi vingi. Zamani baadhi yao walikaa ndani ya vyombo vyao. Katika filamu wanaonekana katika nyumba za mbao zilizojengwa juu ya nguzo majini.

Mhusika mkuu, Shaleha, anayeigizwa na Nora Aunor, ni mkunga. Kila anapozalisha huhifadhi kipande cha kitovu cha mtoto, ilhali yeye mwenyewe hana mtoto. Mumewe Bangas-An, aliyeigizwa na Bembol Roco, ni mvuvi. Wanapendana, huvua na kusuka mikeka pamoja, lakini mume ana hamu ya kuitwa baba.

Kwa kuwa dini inaruhusu ndoa ya mitala, Shaleha anaamua kumtafutia mumewe mke mwingine. Wanazunguka kwa mashua kisiwa hadi kisiwa wakiposa, na mara kwa mara wanakwamishwa na mahari yaliyozidi uwezo wao.

Sharti zito

Hatimaye anapatikana msichana, Mersila, aliyeigizwa na Lovi Poe. Sharti lake ni moja: akishajifungua, Bangas-An aachane na Shaleha. Hivyo mke aliyehangaika kuitafuta furaha ya mumewe ndiye anayetakiwa kuilipia kwa ndoa yake, na mtoto huyo anazaliwa mikononi mwake.

Mendoza hatoi hukumu. Sherehe za harusi, ngoma na biashara ya samaki zinaendelea, huku milio ya bunduki ikikumbusha machafuko ya eneo hilo. Maumivu ya Shaleha yanasomeka usoni kuliko katika maneno.

Filamu hiyo ilishindania tuzo kuu ya tamasha la Venice mwaka 2012. Aunor alitunukiwa tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika Asia Pacific Screen Awards mwaka huo, na katika Asian Film Awards mwaka 2013. Alitangazwa Msanii wa Taifa mwaka 2022, na akafariki dunia Aprili 2025.